Isongole: Siku Moja ya Kutembea na Kusikiliza

Ndugu msomaji, kama umewahi kusafiri kwa gari kutoka Mbeya kwenda Tukuyu au Kyela, basi Isongole umekwisha kuipita, ingawa huenda hukuiona. Gari likishaiacha Uyole huanza kupanda milima ya Uporoto, abiria hufunga madirisha kwa sababu ya baridi, wengi husinzia, na yule anayebaki macho huona magunia ya viazi yaliyopangwa kando ya barabara, akina mama waliojitanda vitenge mabegani, na ukungu. Halafu gari huteremka kuelekea Kiwira, jua hutoka, migomba huanza kuonekana, na msafiri hujisemea kwamba sasa ndiyo ameingia Rungwe. Kumbe alikwisha kuingia zamani.

Isongole ninayoizungumzia si ile ya wilaya ya Ileje, iliyo mpakani na Malawi, ambayo jina lake limewapoteza wageni wengi. Hii ni Isongole ya wilaya ya Rungwe, iliyokaa kati ya milima miwili. Ukiwa unaelekea kusini, mkono wako wa kushoto ndipo ulipo mlima Rungwe wenyewe, wenye kimo cha mita 2,960 hivi. Na mkono wa kulia ndiko liliko Ngosi, ziwa lililomo ndani ya kasoko, yaani shimo kubwa lililoachwa na volkano. Ni watu wachache nchini wanaokaa katikati ya mambo makubwa namna hiyo na huku wakijulikana kwa viazi tu.

Siku hizi imekuwa desturi njema kwa makundi ya watu kukodi basi dogo na kutoka kwa siku moja: wafanyakazi wa ofisi, kwaya, wanafunzi pamoja na walimu wao, na vikundi vya akina mama vya kuweka akiba na kukopeshana. Wenzetu wa pwani wamelizoea jambo hili kwa muda mrefu. Huko Unguja mgeni huongozwa kwa miguu katika vichochoro vya Mji Mkongwe, akaoneshwa mlango huu na baraza ile, na kila jiwe likapewa maelezo yake. Sisi wa nyanda za juu bado twadhani kwamba kutalii ni kwenda Serengeti kutazama simba, na kwamba nyumbani hakuna cha kutazama. Mimi pia nilidhani hivyo. Ndiyo maana nataka nikueleze habari za safari mbili nilizokwenda Isongole, kwa sababu ya kwanza iliharibika, na nilijifunza mengi zaidi kutokana na kuharibika kwake.

Safari ya kwanza ilikuwa mwezi wa Julai mwaka 2018. Tulikuwa watu thelathini na wawili, wakubwa kwa wadogo, na waandalizi, ambao sitawataja, walikuwa wametugawia karatasi yenye mahali patano: Ziwa Ngosi, Daraja la Mungu, Kijungu, maporomoko ya Kaporogwe, na ziwa la Masoko. Mahali patano kwa siku moja! Anayeifahamu Rungwe atacheka, kwa kuwa Ngosi iko kaskazini ya wilaya, ambapo Kaporogwe na Masoko ziko ng'ambo ya pili, kusini ya mji wa Tukuyu, na njia zake za vumbi si za kukimbiliwa. Lakini karatasi haina vumbi. Tulilipa, tukaondoka tukiimba.

Pamoja nasi alikuwamo mzee mmoja, baba wa mfanyakazi mwenzangu. Alizaliwa katika vitongoji vya Isongole, akaondoka kijana kwenda kufanya kazi ya kibarua wakati reli ya TAZARA ilipokuwa ikijengwa, kati ya mwaka 1970 na 1975, na reli ikamchukua moja kwa moja mpaka alipostaafu. Nilimwuliza ilikuwaje mtu aliyekaa Mbeya miaka yote hiyo, mwendo usiotimiza hata saa mbili kwa basi, asirudi Ngosi hata siku moja tangu alipokuwa mtoto. Alinijibu kwamba nyumbani alirudi mara nyingi sana, lakini alirudi kwa misiba na kwa harusi, na hakuna mtu anayekwenda msibani akapitia ziwani. Jibu hilo sijalisahau. Fikiria na wewe, msomaji, mara ya mwisho ulipokwenda kwenu ulikwenda kwa ajili gani.

Tulifika chini ya mlima saa tano, tukaambiwa kwamba tuna saa moja na nusu ya kupanda, kutazama na kurudi. Njia ya Ngosi hupita ndani ya msitu wa hifadhi, na mtu mzima mwenye afya huhitaji saa nzima na zaidi kupanda peke yake. Vijana walikwenda mbio. Mzee alikwenda kwa kadiri ya magoti yake, na alipofika mahali ambapo mteremko huanza kuwa mkali, honi ya gari ikasikika kutoka chini. Alisimama, akatazama juu, akatazama chini, kisha akageuka. Mimi niligeuka pamoja naye, na nakiri kwamba nilifanya hivyo kwa furaha, maana nilikuwa nimechoka.

Yaliyobaki ya siku ile hayasimuliki. Daraja la Mungu tuliliona kwa dakika kumi. Masoko hatukufika. Kaporogwe tulifika giza limekwisha kuingia, tukasimama kandokando tukiyasikia maporomoko bila ya kuyaona. Chakula kilikuwa cha vibweta kilichonunuliwa mjini Mbeya alfajiri, na vibweta vyenyewe viliachwa msituni. Tulipofika nyumbani saa nne za usiku, bibi yake binti yangu, ambaye wakati huo alikuwa na umri wa miaka tisa, alimwuliza ameona nini. Mtoto alifikiri kidogo, akasema: "Gari."

Nadhani waandalizi wale hawakuwa watu wabaya. Walidhani, kama wengi wetu tunavyodhani, kwamba safari huhesabiwa kwa idadi ya mahali palipofikiwa.

Basi mwaka uliofuata, mwezi wa Septemba, tukajipanga wenyewe. Safari hii tulikuwa kumi na tisa tu. Tuliandika mahali pawili: Ngosi asubuhi, na Daraja la Mungu pamoja na Kijungu kilicho jirani yake alasiri. Tuliondoka Mbeya saa kumi na mbili u nusu. Pale Isongole tulikuwa tumekwisha kuagana na vijana wawili wa kijijini watuongoze, na mama mmoja aliyekubali kutupikia. Ada ya kuingia msituni tuliilipa kwa stakabadhi. Halafu tukaweka sheria moja, ambayo vijana waliilalamikia sana: mzee atangulie mbele, na mtu yeyote asimpite.

Kijana mwongozaji alipomwona mzee akiongoza msafara, alisogea, akainamisha kichwa kidogo na kumwamkia kwa Kinyakyusa: "Mwaghonile, tata." Tangu hapo hakuwa tena mwongozaji peke yake, alikuwa mtoto anayemsindikiza baba yake, na maswali yakawa yanakwenda huku na huku. Huyu ni mti gani, tata? Na wewe ni wa ukoo gani, mwanangu? Sisi wengine tulifuata nyuma tukisikiliza, na kwa kuwa tulikwenda polepole, tuliona. Tuliona mianzi, tuliona migomba mwitu yenye majani mapana kupita ya shambani, tuliona mashina yaliyovikwa kuvu la kijani mithili ya sufi.

Watoto ndio waliomwona kinyonga. Alikuwa amekaa juu ya tawi kimo cha kifua, mwenye pembe tatu puani kama mnyama wa hadithi. Mtoto mmoja alilia, na hata baadhi ya watu wazima walirudi nyuma, maana kinyonga katika makabila yetu mengi ni kiumbe cha kuogopwa. Mwongozaji alieleza kwamba huyo ni dume, na kwamba kinyonga wa aina hiyo hapatikani popote duniani isipokuwa katika milima hii ya Uporoto na Rungwe na jirani zake. Mimi nikaongeza nililolisoma: kwamba jina lake la kitaalamu limetokana na Fülleborn, daktari Mjerumani aliyefanya kazi katika nchi hizi zama za ukoloni, na kwamba wataalamu walimwandika kinyonga huyu mwaka 1900. Mzee akauliza, "Kwa hiyo kabla ya hapo hakuwapo?" Watu wakacheka.

Lakini swali lake lilikuwa la maana kuliko kicheko chetu, na hapa ndipo naomba msomaji unisikilize kwa makini. Tulipokaa kupumzika, mzee aliwasimulia watoto kwamba alipokuwa mdogo aliwasikia wawindaji wakitaja nyani mmoja wa msitu wa Rungwe, mwenye haya na asiyeonekana kwa urahisi, aitwaye kipunji. Wapo waliosema ni mnyama, wapo waliosema ni kitu cha ngano tu. Watafiti wa wanyamapori walipofika Rungwe na kuwahoji wawindaji, walilisikia jina hilo hilo, na mwanzoni hawakujua kama wanaambiwa habari za mnyama au za mzimu, maana katika masimulizi ya Wanyakyusa viwili hivyo huweza kukaa nyumba moja. Hawakulidharau neno. Waliendelea kutafuta, na mwaka 2003 wakamwona. Mwaka 2005 habari zake zikatangazwa kwa ulimwengu wa sayansi, na mwaka 2006 ikathibitika kwamba si aina mpya tu bali ni jenasi nzima mpya, jambo ambalo lilikuwa halijatokea kwa nyani wa Afrika kwa miaka 83. Akapewa jina Rungwecebus kipunji. Safari hii jina la wenyeji halikuachwa nje.

Hesabu iliyotolewa mwaka 2008 ilionesha kwamba walikuwapo kipunji 1,117 tu duniani kote, wote wakiwa Tanzania, katika misitu ya Rungwe na Kitulo na ile ya Ndundulu iliyoko Udzungwa. Mwaka 2009 mlima Rungwe ukafanywa hifadhi ya mazingira asilia. Uchunguzi uliotolewa miaka ya karibuni umeonesha kwamba wanyama hao wameanza kuongezeka. Yote hayo yalianza kwa mtu kukaa chini akamsikiliza mwindaji wa kijijini. Je, ungelimpata mwindaji huyo kwa safari ya mahali patano kwa siku?

Hata historia ya milima yenyewe imehifadhiwa kwa njia hiyo. Mlima Kyejo, ulio upande wa kusini-mashariki wa Rungwe, ulitoa mawe yaliyoyeyuka mnamo mwaka 1800 hivi, na sehemu kubwa ya ushahidi wa tarehe hiyo ni masimulizi ya wazee waliopokezana habari kizazi kwa kizazi. Hakukuwa na mwandishi wa gazeti. Moto wa chini haujazimika kabisa: katika kijiji cha Ikama, humo humo wilayani, hewa ya ukaa itokayo ardhini huvunwa kwa mitambo, na mtoto anywaye soda iliyojaa povu huenda anakunywa pumzi ya volkano pasipo kujua. Nilipowaambia hivyo watoto wetu, hawakuniamini mpaka mwongozaji alipokubali kwa kichwa.

Tulifika ukingoni saa sita na nusu. Ukungu ulikuwa umefunika kila kitu. Palikuwa na weupe tu mbele yetu, na sauti ya upepo ikitoka chini. Kijana mmoja wa kundi letu alisema kwa hasira kwamba tumepanda bure. Mzee alivua kofia, akaketi juu ya mzizi, akasema tungoje. Aliwaambia watoto kwamba zamani wao walikatazwa kupiga kelele mahali pale na kutupa mawe, nao watoto, ambao nyumbani hawasikii la mtu, walinyamaza.

Tulingoja zaidi ya nusu saa. Kisha ukungu ulianza kuchanika vipande vipande: kwanza tukaona ukuta wa kasoko ng'ambo, umevaa msitu mpaka chini, halafu kipande cha maji, cha rangi ya kijani iliyoiva, halafu kikafunikwa, halafu kingine. Ziwa zima hatukuliona kwa mara moja. Lina urefu wa kilometa mbili na nusu hivi, na uso wake uko chini sana ya mahali tuliposimama, wala hakuna mto unaoonekana kutoka ndani yake. Mwongozaji alisema kwamba ni la pili kwa ukubwa katika Afrika kwa maziwa ya kasoko. Nimelisikia neno hilo kwa wengi, sikubishana naye. Alieleza pia habari za hazina ya Wajerumani inayosemekana kutupwa humo, hadithi ambayo husimuliwa vilevile kuhusu Masoko. Watoto waliipenda hiyo kuliko zote. Mzee hakusema neno. Alitazama, akavaa kofia yake, akaomba mkono wa kumwinua.

Sasa nieleze na upungufu wetu, usije ukadhani kwamba safari ya pili ilikuwa ya asali tupu. Kwa kwenda polepole na kwa kungoja ukungu, tulichelewa. Tulipokwisha kula, saa zilikuwa zimekwenda sana, na ikawa lazima tuchague kati ya Daraja la Mungu na Kijungu. Tulipiga kura tukachagua Daraja. Familia moja, iliyokuwa imewaahidi watoto wake Kijungu, ilikasirika, na mpaka leo mama wa nyumba hiyo akinikuta sokoni hunikumbusha fedha zake. Sina jawabu la kumpa. Ningeliweza kumwambia kwamba Kijungu hakikimbii, lakini na fedha za mshahara haziji kila siku.

Kwa faida ya ambao hawajafika: mto Kiwira, uendao mpaka Ziwa Nyasa, hupita chini ya tao la mwamba lililojengwa na volkano wala si na fundi. Mawe yaliyoyeyuka yalitiririka kufuata bonde, juu yakapoa na kuganda, na maji yakaendelea kupitia chini. Ndilo Daraja la Mungu. Kijungu kiko mbele zaidi, katika eneo la Chuo cha Magereza Kiwira, kwa hiyo mgeni huomba ruhusa kwanza. Hapo mto huo huo huporomoka ndani ya shimo la mwamba mfano wa chungu, ukachemka bila moto, kisha ukazama. Ni mahali pa hatari. Mzazi amshike mwanawe mkono, na yeyote atakayejisifu kwamba aweza kuruka ng'ambo asisikilizwe.

Chakula nimekipita haraka, na haifai. Tulipikiwa mbalaga, yaani ndizi za kupika, pamoja na viazi vya Isongole vilivyochimbuliwa asubuhi ile ile, na maziwa mgando, tukala tumekaa juu ya majamvi uani kwa yule mama. Alikataa kabisa tusaidie kuosha vyombo mpaka wanawake wa kundi letu walipovinyakua kwa nguvu. Katika safari ya kwanza fedha zetu zote za chakula zilibaki Mbeya. Safari hii zilibaki mikononi mwa mama yule, na ada ya uongozaji ikabaki kwa vijana wale wawili. Mmoja alituambia kwamba msimu wa viazi ukiisha hana kazi nyingine, na kwamba ameanza kuwafuata wazee wa kijiji akiandika katika daftari majina ya miti na masimulizi, kwa sababu wageni humwuliza asiyoyajua. Binti yangu alimwuliza kama anaweza kulitazama daftari. Lilikuwa daftari la shule la kawaida, limekunjwa pembe kwa unyevu.

Ukitaka kwenda na kundi lako, nenda kati ya Juni na Oktoba, kwani nje ya miezi hiyo Rungwe hunyesha mvua nyingi kuliko karibu wilaya zote za nchi hii, na njia ya Ngosi hugeuka utelezi mtupu. Vaa viatu vyenye meno, chukua sweta hata kama jua la Mbeya linakuchoma, na kila mtu abebe mfuko wa kurudisha takataka zake. Msizidi ishirini. Jifunzeni "ndaga fijo", ahsante sana, na kuitamka pasipo haya. Na kama katika nyumba yenu yumo mtu aliyezaliwa huko, msimwache nyumbani kwa kisingizio cha magoti yake.

Tuliporudi Isongole, jua lilikuwa linakaribia kuzama, na watu wa kundi walitawanyika sokoni kununua viazi kwa debe. Mzee alimsalimu mwanamke mmoja mwuzaji, mtu mzima, na katika kusalimiana, ambako huko hakufanywi kwa haraka, wakagundua kwamba yule mama alikuwa ameolewa katika nyumba iliyopakana na ya kaka yake marehemu. Wakaanza kutaja watu: nani yu hai, nani alihama, shamba la nani liko kwa nani. Binti yangu alisimama kati yao, amebeba kinyago cha kinyonga alichochongewa na mwongozaji kwa kipande cha mwanzi, akitazama mdomo wa huyu na wa yule kana kwamba anaielewa lugha.

Dakika thelathini zikapita. Dereva aliweka mkono juu ya honi, akawatazama, akautoa. Kisha akazima injini, akashuka na gunia tupu, akauliza bei ya viazi.